Mwenye Bahari

Swahiba wangu,

Habari za tangu tuachane? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Rasimu ya mchezo wako ilinifika, nimeisoma yote kwa siku mbili, kalamu mkononi. Kile kisiwa kinachohama usiku kimenikaa kichwani. Lakini kuna jambo la miungu yako lazima nikwambie, maana linanikera na nakupenda.

Ukurasa wa 4 umeandika: "Mungu wa kike wa bahari alimjibu mungu wa vita." Isome tena polepole. Wa bahari kapewa "wa kike". Wa vita hakupewa "wa kiume". Nimepekua rasimu nzima, "mungu wa kiume" hayumo hata mara moja. Basi msomaji ataelewa, bila wewe kutamka, kwamba mungu hasa ni mwanamume, na huyu mwingine ni wa pembeni. Najua ilikotoka: Kiingereza kina neno la mungu mwanamume na jingine la mungu mwanamke, nawe ulipotafsiri ukaona tofauti ile isipotee. Kwetu haina pa kukaa. Mungu ni mungu, yeye ni yeye.

Unakumbuka ulipokuwa msimulizi wetu katika ule mchezo wa kuigiza wahusika, dadu zikilia mezani? Bahari ilisema nasi vikao vitatu. Mimi nilikuwa namwona ajuza mwenye kucha za kome. Aliyekaa kulia kwangu alimwona mzee mwenye ndevu za mwani. Kikao cha nne ukasema tu, "Akajifungua mbele yenu, na mtoto alikuwa wimbi." Chumba kizima kimya! Hukumdanganya mtu. Kila mmoja alikuwa na picha yake kwa sababu lugha haikutuharakisha kuchagua. Na yule mzee wa jirani yangu hakunyolewa, alijifungua na ndevu zake, ikapendeza zaidi. Ungetuambia "mungu wa kike" tangu siku ya kwanza, wimbi lile lingezaliwa bila mtu kushtuka.

Wenzetu wa Kiingereza wamehangaika sana na hili. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa aina ileile, ilipotoka mwaka 1974, jina la mpiganaji lilikuwa na neno "mwanamume" ndani yake; kitabu cha wachezaji cha 1978 kikaliacha. "Mpiganaji" wetu hakuwahi kuhitaji marekebisho. Ndani ya Skyrim, mchezo wa kompyuta wa 2011, Jarl, yaani mtawala wa eneo, ni Jarl, awe Ulfric au Idgrod, na Idgrod ni mwanamke. Azura naye, mmoja wa wenye nguvu za kimungu humo, anayejitokeza kwa umbo la mwanamke, anaitwa Prince kama wenzake wote. Neno hilo limetoka Kilatini, kwa aliye wa kwanza. Ukimwita "mwanamfalme" utamfanya mtoto wa mtu, naye hana mfalme aliyemzaa. Ningeandika "Mkuu", nikaishia hapo. (Na "mchawi" uliyempa yule mzee mwema wa mlimani, tafadhali mbadilishe. Jinsia haina neno hapo, ila nani atamfungulia mchawi mlango?)

Kinachoniuma kuliko vyote ni "Bwana wa Mauti". Uliniambia mwenyewe kwamba mhusika huyu si mume wala si mke, na ndiyo sababu wafu wote humtambua. Kisha ukamvika ubwana. Mbona "mwenye" tunalo? Mwenye Mauti. Mwenye Bahari. Mwenye Vita. Neno hilo lina mamlaka, lina umiliki, na halimfunui mtu. Limo ndani ya "Mwenyezi", mwenye enzi, kwa hiyo sikio la Mswahili limekwisha kulizoea mahali pa juu kabisa. Litamke kwa sauti usiku, utaona lilivyo zito.

Sisemi ufute kila alama ya kike. Mama wa Kisima abaki Mama, maana wanaokwenda kwake huenda kunyonya, na hadithi yake yote imesimama juu ya maziwa. Malkia abaki pia, kwa kuwa ugomvi wake na mumewe juu ya taji ndio unaowasha vita. Hapo jinsia ina kazi. Lakini muuza dawa anayemwita shujaa "kaka" kila akipita, hata mchezaji akiwa amechagua msichana, mpe "ndugu", na yule bibi wa kivukoni aseme "mwanangu".

Nimeanza kukuandikia majina upya na nimefika kwa mlinzi wa lango la kisiwa. Huyo sijampatia. Hawezi kuwa Mwenye Lango, kwa sababu lango ndilo linalommiliki yeye. Niambie wewe unamwonaje, kabla sijamgusa.

Akupendaye,
Swahiba wako