Wabunifu wetu watakataa kazi gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya toleo lililopita iliyowahimiza vijana wabunifu majengo wa Afrika Mashariki waandike ilani yao, yaani tamko la msimamo lenye saini zao, kama wenzao wa Ulaya na Marekani. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nikajikuta natafuta kalamu. Mwandishi amezitaja ilani nyingi, amesifu lugha yake na ujasiri wake, lakini hakuuliza swali ambalo mimi, niliyechora ramani za watu kwa miaka thelathini na ushei, ningeanza nalo: aliyetia saini aliacha nini kwa ajili ya saini hiyo?

Neno lenyewe lina mkosi kwetu. Ukimtajia Mtanzania ilani, anawaza kampeni, kofia na khanga za bure. Mwambie fundi wa Buguruni kwamba wabunifu nao wanaandaa ilani yao, atakuuliza uchaguzi ni lini.

Ila rika langu tulilelewa na andiko la aina nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulilikariri shuleni, na lilihusu nyumba kuliko watu wanavyokumbuka. Masharti ya uongozi yalisema kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo la nyumba liliwauma watu. Mtu ana kibanda chake Magomeni, kodi yake ndiyo ada ya watoto, anaambiwa achague: kibanda au cheo. Unaweza kulipinga Azimio, na mimi ninayo manung'uniko yangu, lakini huwezi kusema lilificha bei. Makali yake yalionekana pale ilipobidi wakubwa wakutane Zanzibar mwaka 1991 kuyalegeza masharti hayo. Andiko lisilombana mtu, nani angehangaika kulilegeza?

Kwa kipimo hicho, tuje kwenye tamko ambalo makala ililipitia juu juu. Mei 2019, kampuni 17 za Uingereza zilizowahi kushinda Stirling, tuzo kubwa ya usanifu majengo ya huko, zilitoa Architects Declare, tamko lenye ahadi 11 kuhusu dharura ya tabianchi na kutoweka kwa viumbe. Mojawapo ya ahadi ni kuyaendeleza majengo yaliyopo badala ya kuyabomoa, pale inapowezekana. Kampuni zaidi ya elfu moja za huko zikajiunga, na tamko likavuka mipaka hadi nchi nyingine. Foster + Partners na Zaha Hadid Architects walikuwa miongoni mwa wale 17 wa kwanza. Baadaye watu wakaanza kuuliza: mbona Foster ametia saini huku, na kule Saudi Arabia anachora kiwanja cha ndege cha kuwapeleka matajiri kwenye hoteli za kifahari pwani ya Bahari ya Shamu? Desemba 2020 Foster wakajitoa, wakisema usafiri wa anga nao unahitaji majengo yanayojali mazingira. Zaha Hadid Architects wakafuata mara moja.

Wengi waliwazomea. Mimi siwazomei. Waliulizwa swali la ndiyo au hapana, wakaamua kubaki na kazi yao na kuliacha tamko. Wanaonisumbua ni wale waliobaki. Wao hawakubanwa na lolote, maana hilo "pale inapowezekana" lina mlango mpana kama wa gereji. Kila mteja atakuambia kwake haikuwezekana.

Tabia hii ya kujiachia mlango ni ya zamani. Mwishoni mwa mwaka 1963 Ken Garland, msanifu wa michoro ya kuchapishwa (graphic designer), aliandika mjini London ilani iliyoitwa First Things First. Ilichapishwa mwaka uliofuata nakala 400, na watu 22 wakaweka majina yao. Walilalamika kwamba vipaji vya wasanifu wa michoro vinamalizikia kwenye matangazo ya chakula cha paka na dawa ya meno yenye mistari. Nawapenda kwa hilo. Lakini humo humo walikiri kwamba hawadai matangazo ya namna hiyo yakomeshwe, kwa sababu hilo haliwezekani. Mwaka 2000 ilani ikaandikwa upya na watu 33, mwaka 2014 tena, na 2020 tena. Dawa inayonywewa mara nne kwa ugonjwa ule ule, mgonjwa ana haki ya kuitilia shaka.

Makala haikuwataja Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, wabunifu majengo wawili wa Ufaransa, na mimi kama mwalimu angeniambia nichague mfano mmoja tu, ningewachagua hao. Mwaka 1996 jiji la Bordeaux, Ufaransa, liliwapa kazi ya kupendezesha kiwanja kidogo cha mtaani, Place Léon Aucoc. Ni pembetatu tu, imezungukwa na miti na nyumba nadhifu, ina mabenchi, na wazee hukutana pale kurusha tufe zao za chuma. Wabunifu hawa wakaenda wakakaa, wakazungumza na wakazi. Halafu wakaliandikia jiji kwamba pale pako sawa: badilisheni kokoto, hudumieni miti, fagieni mara kwa mara, basi. Hawakuchora kitu.

Mhariri, anayeishi kwa kazi hii ndiye anayejua uzito wa barua ile. Kwa kawaida ada ya mbunifu hukokotolewa kwa asilimia ya gharama ya ujenzi. Anayemwambia mteja asijenge ameusukuma ugali wake mwenyewe mezani.

Mwaka 2004, pamoja na mbunifu mwenzao Frédéric Druot, wakaligeuza jambo lile kuwa msimamo wa maandishi. Serikali ya Ufaransa ilikuwa na mpango wa kubomoa maghorofa mengi ya wapangaji wa kipato cha chini. Wao wakaandika kwamba kamwe tusibomoe, tusiondoe; tuongeze na tugeuze. Humo hakuna "pale inapowezekana". Kisha wakaonyesha inavyofanyika. Mtaa wa Grand Parc, hapo hapo Bordeaux, kulikuwa na majengo matatu ya miaka ya 1960 yenye nyumba 530. Waliyaongezea kwa mbele sakafu mpya zenye kina cha karibu mita 4, kila nyumba ikapata baraza kubwa lenye vioo vya kusogeza, na wapangaji hawakuhamishwa wakati wa ujenzi. Kwa Mswahili kibaraza hakihitaji kuelezwa, lakini Mfaransa wa ghorofa ya kumi alikuwa hajawahi kupewa. Mwaka 2021 Lacaton na Vassal wakapata Pritzker, tuzo ya juu ya usanifu majengo duniani. Na Vassal alianzia kazi Niger: mwaka 1984 yeye na Lacaton walijijengea kibanda cha nyasi karibu na Niamey, na upepo ukakiondoa baada ya miaka miwili. Napenda kufikiri ndiko walikojifunza kwamba jengo si lazima liwe zito ili limfae mtu, ingawa hilo ni langu, wao sijawauliza.

Turudi nyumbani. Sauti hatujakosa. Maonyesho ya kimataifa ya usanifu majengo ya Venice, Italia, ya mwaka 2023 yaliongozwa na Lesley Lokko, mwenye asili ya Ghana na Scotland, na zaidi ya nusu ya washiriki walitoka Afrika au kwa Waafrika walio ughaibuni. Mwaka 2025 Kabage Karanja na Stella Mutegi wa Cave_bureau, kampuni ya wabunifu ya Nairobi, walikuwa miongoni mwa waliosimamia banda la Uingereza yenyewe kwenye maonyesho hayo hayo. Kusikika tunasikika. Swali langu linabaki pale pale.

Nenda Kariakoo. Soko alilolisanifu Mtanzania mwenzetu Beda Amuli miaka ya 1970 lina paa la miavuli ya zege inayotoa kivuli na kukusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa, likabaki. Hongera kwa waliolikarabati. Lakini zunguka mitaa inayolizunguka uhesabu nyumba za Kiswahili zilizobaki, zile zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, kibaraza mbele na ua nyuma. Kila iliyoangushwa ilikuwa na mchoro wa jengo jipya, kila mchoro ulikuwa na muhuri, na kila muhuri una mwenyewe, aliyesoma na kusajiliwa.

Na mimi nimo. Miaka ya nyuma, mteja mmoja alitaka jengo la ghorofa saba, vioo vya bluu kuanzia chini mpaka juu, "kama Dubai". Uso wake ulielekea magharibi. Dar es Salaam jua la mchana liko juu karibu na utosi, hivyo upande wa kaskazini na wa kusini mchomozo mdogo wa dari unatosha kutia kivuli. Upande wa magharibi jua la jioni huingia limelala, na hakuna kofia ya dirisha itakayolizuia. Nililijua hilo tangu mwaka wa pili wa chuo. Nilimwambia mteja "sawa mzee", nikachora, nikalipwa, nikapaulia nyumba yangu.

Kwa hiyo vijana wakitaka kuandika ilani, waandike, na mimi mstaafu nitakuja kutia saini. Ila sitaki kuona humo maneno "endelevu" na "jumuishi", nimeyasoma ya kunitosha. Nataka kusoma kwamba aliyesaini hatakodisha muhuri wake kwa mchoro ambao hakuuchora, wa jengo ambalo hatalikanyaga. Mchezo huo sote kwenye fani tunaujua na tunaunyamazia. Nataka isemwe kwamba hatapendekeza kubomoa kabla ya kuingia na futi kamba kupima kilichopo. Na hatachora ukuta wa kioo unaotazama magharibi, hata mteja akitishia kwenda kwa mwingine. Mteja kweli ataenda kwa mwingine, kwa hiyo chini ya saini iachwe nafasi, kila mtu ajaze kazi alizozikosa na mwaka alizozikosa. Ukurasa huo ukiwa mtupu baada ya miaka mitano, tutajua.

Lile jengo langu bado lipo. Nilipita mwezi uliopita saa kumi jioni. Wapangaji wamebandika magazeti kwenye vioo, ghorofa zote saba, upande wote wa magharibi. Nilisogea kusoma vichwa vya habari vya ghorofa ya chini. Lako limo, Mhariri, toleo la Machi.

Wako,
Mchoraji mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam