Risala ya klabu ya maigizo kwa mgeni rasmi: James McAvoy, mtoto wa Drumchapel

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi mliofika, wanafunzi wenzangu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa ambao hawamo kwenye hizo mbili, habari za asubuhi.

Kwanza kabisa tunakushukuru kwa kukubali kuja, tunajua ratiba yako ya mazoezi ilivyobana. Risala nyingi za shule zinaanza na idadi ya wanachama, halafu mafanikio, halafu changamoto, halafu inaombwa mashine ya fotokopi, ila mwaka huu mlezi wa klabu katuambia hapana, mgeni anayekuja ni mwigizaji wa jukwaani kwa hiyo msomeeni kitu kinachohusu kazi yake. Basi tukapiga kura ya mwigizaji mmoja wa kumfuatilia mwaka mzima, akapita James McAvoy wa Scotland. Tuseme ukweli tu, wengi walimpigia sababu ya X-Men, zile muvi za watu wenye nguvu za ajabu. Ila tulivyozidi kusoma tukaona X-Men ndo kipande kidogo kabisa cha stori yake, kwa hiyo tunaomba utuvumilie, ni ndefu kidogo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, McAvoy alizaliwa Glasgow tarehe 21 Aprili 1979. Mama yake nesi, baba yake fundi ujenzi, wazazi wakaachana yeye bado mdogo na akaenda kulelewa na bibi na babu upande wa mama, huko Drumchapel. Huo ni mtaa wa nyumba za serikali uliojengwa pembeni ya jiji kuanzia miaka ya 1950 ili kupunguza watu waliokuwa wamebanana kwenye nyumba chakavu za mjini, na kama inavyokuaga kwa mipango ya namna hiyo nyumba zikaja haraka, ila maduka na sehemu za vijana kukutana zikachelewa sana. Babu yake alikuwa muuza nyama mstaafu. Hakuna kwenye ukoo mtu wa filamu, hakuna mjomba anayemjua mtu. Yeye mwenyewe alikuwa anafikiria upadri, na ameshasema kwamba sehemu ya hamu hiyo ilikuwa ni kutaka kwenda umisionari ili aione dunia, kitu ambacho wenzetu wa seminari hapa walicheka sana maana nadhani wanakifahamu.

Sasa sikiliza hii. Alikuwa anasoma St Thomas Aquinas, shule ya sekondari ya Kikatoliki, siku moja wakaletewa mgeni wa kuongea nao, David Hayman, mwigizaji na dairekta wa hukohuko Glasgow. Wote hapa tunajua mgeni anavyosikilizwaga na kidato cha tatu kukiwa na joto na chakula bado hakijaiva. Mgeni akamaliza kuongea, watu wakatawanyika, McAvoy yeye akamfuata, akamshukuru, halafu akamwomba kwamba ukiwa na kazi yoyote nichukue hata nije kusaidia tu, nijifunze. Hakuomba kuwa staa. Baadaye Hayman akamkumbuka, akamwita kwenye odishen, na dogo akala shavu kwenye filamu ya The Near Room iliyotoka mwaka 1995, kanafasi kadogo tu. Mwaka huo alikuwa anatimiza miaka 16.

Baada ya hapo hakutusua ghafla, na hapa ndo tunapompendea. Alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha vijana kinaitwa PACE, mji wa Paisley jirani na Glasgow, na ili apate hela akafanya kazi sehemu ya kuoka mikate na keki kwenye supamaketi. Halafu akaingia chuo cha muziki na maigizo cha Scotland, ambacho siku hizi kinaitwa Royal Conservatoire of Scotland, akamaliza mwaka 2000. Yani kabla dunia haijamjua alishasomea kusimama, kupumua, kutoa sauti, vitu ambavyo sisi tukiambiwa tufanye dakika kumi kabla ya mazoezi tunanung'unika.

London alianza na vipande vipande. Mwaka 2001 alikuwa kwenye igizo la Privates on Parade ukumbi wa Donmar Warehouse, na mwaka huohuo akaonekana kidogo kwenye tamthilia ya TV ya Band of Brothers. Zikaja nyingine za TV, State of Play 2003, Shameless 2004 alipokuwa mwizi wa magari mwenye maneno matamu, halafu 2005 muvi ya Narnia akawa bwana Tumnus, juu mtu chini mbuzi. Mwaka 2006 BAFTA, wale wanaotoa tuzo kubwa za filamu Uingereza, walianzisha tuzo ya nyota anayechipukia na yeye ndo akawa wa kwanza kabisa kuichukua.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwaka huohuo wa 2006 ndo ikatoka The Last King of Scotland, na hapa klabu nzima iligawanyika mpaka mlezi akaingilia. Filamu ilipigwa Uganda kwenyewe, dairekta ni Kevin Macdonald, Mskoti mwingine, na imetokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. McAvoy anacheza daktari kijana anaitwa Nicholas Garrigan, anatoka Scotland kwenda kutafuta maisha ya kusisimua, anakutana na Idi Amin barabarani kwa bahati, na kabla hajajua kinachoendelea ameshakuwa daktari wa rais, anapewa gari, anapewa nyumba, anaulizwa ushauri. Jina la filamu linatokana na majigambo ya Amin mwenyewe aliyejipachika ufalme wa Scotland. Garrigan hakuwahi kuwepo, ni mtu wa kutungwa. Forest Whitaker aliyekuwa Amin alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi ile, na mapema 2007 akachukua Oscar. McAvoy aliingia kwenye orodha ya BAFTA kama mwigizaji msaidizi, japo ukiangalia vizuri yeye ndo yuko kwenye filamu mwanzo mpaka mwisho, sisi kila kitu tunakiona kupitia kwake.

Na hapo ndo ubishi ulipoanzia. Kundi moja likasema mbona machungu ya Waganda yanasimuliwa kupitia macho ya mzungu aliyekuja kula bata, na mbaya zaidi wamemwekea mapenzi na Kay, mke wa Amin, wakati Kay alikuwa mtu wa kweli na kifo chake mwaka 1974 kilikuwa cha kweli na cha kutisha, huyo daktari wakambandika tu. Hiyo hoja nadhani haina jibu zuri. Wengine wakajibu kwamba angalia McAvoy anavyocheza, hamfanyi Garrigan kuwa shujaa hata kidogo, anamfanya mtoto mzuri mwenye tabasamu anayependa kupendwa, unampenda, unacheka naye, halafu taratibu unaanza kuona aibu maana na wewe ulikuwa unafurahia lile gari. Kwa sisi ambao babu zetu walikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, Amin tunamjua kama adui upande wa pili wa mpaka, hii filamu inakuonyesha watu walivyokuwa wanamchekea kabla. Mimi niliyeandika hii risala niko na hili kundi la pili linalomtetea McAvoy, ila katibu msaidizi ameniambia niseme kura zilifungana.

Kitu kingine, angalieni Waganda waliomo mle. Waziri wa afya, Jonah Wasswa, kachezwa na Stephen Rwangyezi, ambaye ndo mwanzilishi wa kikundi cha Ndere cha ngoma na maigizo, Kampala. Abby Mukiibi naye yumo, mtu wa jukwaani. Kwa hiyo wale hawakuokotwa barabarani, walitoka kwenye vikundi kama hiki chetu vilivyokomaa.

Baada ya hapo pesa ikaja. Atonement 2007, Wanted 2008 ya risasi zinazopinda, X-Men kuanzia 2011 akiwa Profesa Charles Xavier kijana, Split ambayo anacheza mtu mmoja mwenye watu zaidi ya ishirini kichwani, na ukisikia ilitengenezwa kwa dola milioni 9 tu ikaingiza zaidi ya milioni 270 unaelewa kwa nini Hollywood walimpenda. Hizo zipo kwenye simu zenu, sitakaa nazo.

Sisi kilichotushangaza ni kwamba katikati ya hela zote hizo alikuwa anarudi stejini. Mwaka 2009 Three Days of Rain, anacheza baba na mtoto kwenye igizo moja. Mwaka 2013 akacheza Macbeth, igizo la Shakespeare, Trafalgar Studios London na dairekta Jamie Lloyd, ukumbi mdogo ambao waliweka mpaka viti vya watazamaji jukwaani, Scotland ya siku zijazo iliyoharibika, damu kila mahali, na Jumatatu tiketi zilikuwa paundi 15 ili hata asiye na kitu aingie. Mheshimiwa, staa wa X-Men, Jumatatu, paundi 15. Mwaka 2015 The Ruling Class, anakuwa lodi wa Kiingereza anayejiona ni Mungu na anaendesha baiskeli ya tairi moja jukwaani, kazi iliyompa tuzo ya mwigizaji bora ya gazeti la London la Evening Standard. Halafu mwishoni mwa 2019 Cyrano de Bergerac, yule mwanajeshi mshairi anayejulikana kwa pua ndefu, yeye akaicheza bila kubandika pua yoyote, amesimama na maikrofoni na lafudhi yake ya Glasgow, wenzake nyuma wanapiga biti kwa mdomo, pua unaiona kwenye maneno tu. Mwaka 2022 wakaipeleka tena London, ikaenda Glasgow nyumbani, ikamalizia Brooklyn, New York.

Kwa maigizo hayo manne aliingia kwenye orodha ya tuzo za Olivier, tuzo kubwa za jukwaani London, mara nne, 2010, 2013, 2015 na 2020. Hakuchukua hata moja. Mwenyekiti wetu alisema hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwa ajili ya wale waliosusa klabu tulipotolewa raundi ya kwanza mashindano ya wilaya.

Kuna hili la mwisho kuhusu yeye. Mwaka 2015 alisema wazi kwamba sanaa Uingereza inazidi kuwa ya watoto wa wenye nazo, na kwamba jamii inayosikia sauti ya tabaka moja tu inapata hasara. Hakuishia kusema, mwaka huohuo akatoa paundi 125,000 kwa chuo chake cha zamani, zitumike kwa miaka 10 kuwafundisha maigizo vijana wa Scotland ambao kwao hakuna uwezo. Na alipokuja kuongoza filamu yake ya kwanza, California Schemin', iliyoonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2025, akachagua kisa cha kweli cha vijana wawili wa Dundee waliokuwa wanarap, wakachekwa kwa sababu ya lafudhi yao, wakaamua kujifanya Wamarekani wa California mpaka wakapewa mkataba. Ukiangalia ni mlango uleule anaourudia, nani anaruhusiwa kuingia na nani anaambiwa asubiri nje.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa tunakuja kwako. Changamoto zetu tutazitaja haraka maana mwalimu anaangalia saa. Mazoezi tunafanyia bwaloni, kwa hiyo tunaanza wapishi wakishaosha masufuria, wasichana wa kutwa inabidi waondoke kabla ya jioni kwa sababu ya daladala, ndo maana kwenye maigizo yetu akina mama wengi wanakufa mapema. Taa hatuna. Vitabu vya tamthilia tunavyo ila nakala moja moja.

Lakini hatukuombi taa. Tulishakaa tukakubaliana kwamba tukuombe vitu viwili tu. La kwanza, kila muhula mruhusu wanafunzi wawili waje kukaa kwenye mazoezi ya kikundi chenu, hawatadai kuigiza, watafagia, watabeba maboksi, watamshikia mtu skripti, watachemsha chai, ilimradi waone kazi inavyofanyika na wakirudi watuelezee wengine. Barua ya ruhusa ya wazazi tumeshaiandaa na nauli klabu imeanza kuchanga. La pili, mkiwa na onyesho lile la siku ambayo watu huwa wachache, hata kama ni Jumatatu, mtuuzie tiketi kwa bei ya mwanafunzi, tutajaza viti vya nyuma na tunaahidi simu zitazimwa.

Baada ya risala hii utaona kipande cha Makbeth, kwa Kiswahili cha S. S. Mushi kilichotoka mwaka 1968, pale Makbeth anapoliona jambia hewani. Makbeth ni wa kidato cha pili na hii ni mara yake ya kwanza mbele ya watu, na jambia hutaliona kwa sababu hatuna, ila akiigiza vizuri utaliona. Ukimaliza kuangalia tunaomba umwambie ukweli alipokosea, hapahapa mbele yetu, usimwonee huruma.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanaklabu wote.