Mgahawa wa Kimeksiko umeonewa, mngeanza na tortila

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana mwandishi wenu wa chakula ameuonea ule mgahawa wa Kimeksiko wa hapa mtaani na mimi nimeshindwa kunyamaza. Kasema chakula chao sio cha kweli kwa sababu taco (tortila, yaani chapati nyembamba ya mahindi, iliyokunjiwa nyama) hazina jibini ya njano, haziko kwenye lile ganda gumu, haziwashi, na nyama ya nguruwe wanaikata kwenye chuma cha kusimama kama shawarma. Yaani hayo hayo aliyoyalalamikia ndio yananifanya niwaamini wale wapishi.

Hiyo "shawarma" inaitwa al pastor, na kufanana kwake kuna sababu. Walebanoni waliohamia Meksiko, hasa Puebla, walienda na ufundi wao wa kuchoma nyama kwenye chuma kinachozunguka, wenyeji wakaupokea, wakaweka nguruwe, wakaipaka pilipili kavu na achiote, zile mbegu nyekundu za kutia rangi na ladha, halafu nanasi likachomekwa juu. Ni chakula chao kabisa, nenda Mexico City utaikuta mitaani kila usiku. Ganda gumu la kwenye boksi na jibini ya njano ni mapishi ya Marekani, na siyadharau, watu wanayapenda na yana historia yake. Hata nacho, vile vipande vya tortila vya kukaanga vyenye jibini, zilizaliwa mwaka 1943 pale Piedras Negras, mpakani na Texas, Ignacio Anaya akiwapikia wateja wa Kimarekani, na Nacho ndio jina lake la utani. Ila huwezi kuchukua ladha ya upande mmoja wa mpaka ukaifanya rula ya kupimia upande wa pili.

Na pilipili jamani, sio zote za kuunguza mdomo. Ancho ni pilipili aina ya poblano iliyoiva ikakaushwa, ina utamu fulani kama tunda kavu, ndio maana inaingia kwenye mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, viungo na wakati mwingine chokoleti. Ukitaka moto, salsa iko mezani, jiongezee mwenyewe.

Sasa kama mnataka kupima ukweli wa chakula pimeni tortila, hapo hakuna pa kujificha. Mahindi makavu yanachemshwa na chokaa, yanalala kwenye hayo maji usiku kucha, asubuhi yanaoshwa maganda yatoke ndio yasagwe yakiwa bado na unyevu, kazi hiyo ina miaka maelfu na sio ya ladha tu, chokaa ndio inaachilia niasini (vitamini B3) iliyoko kwenye mahindi, watu wa Ulaya na kusini mwa Marekani waliochukua mahindi bila ufundi huo walikuja kuugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Mimi niliomba kuona jikoni wakanikaribisha. Mama mmoja alikuwa anabonyeza donge, analitupia kwenye bapa la moto, lile chuma la kuchomea, analigeuza mara mbili na vidole vitupu, halafu likavimba katikati kama limevuta pumzi, akanipa hivyo hivyo na chumvi kidogo. Harufu yake ni ya mahindi mabichi na kitu kama mvua ikigusa udongo. Mwandishi wenu hakuandika hata sentensi moja kuhusu hiyo tortila.

Kingine, hakuna Meksiko moja jikoni. Sonora kule kaskazini wanakula tortila za ngano na hakuna anayewaambia sio Wameksiko, Yucatán nguruwe anapakwa achiote na juisi ya machungwa machachu anafungwa kwenye majani ya mgomba anafukiwa shimoni, Oaxaca ukienda ni moles tofauti tofauti. UNESCO walipoviorodhesha vyakula vya asili vya Meksiko mwaka 2010 walitumia mfano wa Michoacán, mkoa mmoja tu. Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa kumuuliza mpishi anatoka wapi, kisha umpime kwa chakula cha kwao.

Sitetei kila kitu lakini. Mole yao hainishawishi, ni tamu mno na chokoleti imetangulia mbele ya pilipili, inatakiwa isikike kwa mbali sana, na maharage siku niliyoenda yalikuwa yamepashwa moto mara nyingi. Hayo mngeyaandika ningewaunga mkono.

Naomba mumrudishe asubuhi, wakati mahindi yanasagwa, akae pale kwenye bapa ale tortila ya kwanza kabla hajaagiza kitu kingine, halafu aandike upya.

Msomaji wenu wa kila wiki