Kipima mvua kwanza, mengine baadaye

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wenye bustani hapa Njombe. Jamani msikimbilie vile vidude vya dijitali vya kupima hali ya hewa vya bei kubwa, mimi nilinunua kimoja nikakitundika ukutani juani kikawa kinasoma digrii 41, kumbe kipimajoto kinataka kivuli chenye hewa, kama mita moja na nusu toka chini. Anzeni na kipima mvua cha plastiki chenye mistari ya milimita, kiwekeni mbali na mti na paa, someni kila siku saa tatu asubuhi kisha mwageni maji. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba, so ikinyesha milimita 12 usiku mchicha wangu simwagilii kabisa.

Msomaji, Njombe