Wanariadha wetu wasidanganywe kuwa Marekani haitazami tena masomo

Mhariri,

Katika kambi za riadha za Iten, Kapsabet na Eldoret kuna maneno yanayoenezwa na maajenti, na hata makocha wengine, kwamba Marekani imefuta mtihani wa SAT, ule wa kuombea nafasi ya chuo kikuu, kwa wanamichezo. Kwa hiyo, wanasema, kijana akikimbia muda mzuri atapata ufadhili wa chuo kikuu bila kujali alichopata darasani. Naomba nafasi niyapime maneno hayo. Nusu yake ni kweli. Nusu ya pili inawapotezea vijana bahati ambayo hairudi.

Kilicho kweli ni hiki. Januari 2023 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, kiliondoa sharti la alama za SAT au za mtihani mwenzake, ACT, kwa wanamichezo wanaoingia Divisheni ya Kwanza na ya Pili, yaani madaraja mawili ya juu ya michezo hiyo. Sharti lenyewe lilikuwa limesimamishwa tangu korona ilipoingia 2020.

Sharti hilo lilianza 1986, kwa kile kilichoitwa Kanuni ya 48. Mwanafunzi alitakiwa kupata alama 700 kati ya 1600 katika SAT, au 15 kati ya 36 katika ACT, pamoja na wastani wa 2.0 kati ya 4 katika masomo 11 ya msingi. Mwaka 1996 masomo yakawa 13, ikaletwa na mizani: mwenye wastani wa chini darasani alidaiwa alama za juu zaidi za mtihani. Mizani hiyo ilipingwa mahakamani Philadelphia kwa hoja kwamba iliwaumiza wanafunzi Weusi. Jaji akaifuta mizani hiyo mwaka 1999, na mahakama ya rufaa ikaurudisha uamuzi upande wa NCAA mwaka huohuo. Ilipofika 2003 mizani ilirefushwa kiasi kwamba mwenye wastani wa 3.55 alihitaji alama 400 tu za SAT, na 400 ndiyo alama ya chini kabisa ambayo mtihani huo hutoa. Maana yake, kwa mwanafunzi hodari, SAT ilikwisha kupoteza uzito mbele ya NCAA miaka 20 kabla ya kuondolewa. Aliyebanwa alikuwa yule wa wastani wa 2.3, ambaye miaka ya mwisho ya sharti hilo alitakiwa kufikisha 980.

Nayataja haya kwa sababu ushauri mwingi vijijini bado unategemea habari za kizazi cha Mike Boit, Henry Rono na Mtanzania Suleiman Nyambui, waliosoma Marekani kabla ya Kanuni ya 48 kuanza kutumika. Tunawaheshimu wazee wale, lakini mlango walioingilia wao una kufuli nyingine sasa.

Kilichobaki baada ya SAT kuondoka ni masomo 16 ya msingi na wastani wake: 2.3 kwa Divisheni ya Kwanza, 2.2 kwa Divisheni ya Pili. Kwa Divisheni ya Kwanza masomo hayo hugawanywa hivi, kila moja likihesabiwa kwa mwaka mmoja wa kusoma: Kiingereza miaka 4, hesabu miaka 3 kuanzia kiwango cha aljebra, sayansi miaka 2 na angalau mmoja wa maabara, masomo ya jamii miaka 2, mwaka 1 zaidi wa Kiingereza, hesabu au sayansi, kisha miaka 4 ya ziada kutoka nyanja hizohizo au lugha nyingine. Biashara, muziki, sanaa na elimu ya viungo hazimo. Ndiyo sababu wastani wa jumla wa KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, haumwambii mzazi lolote la uhakika. Mwanafunzi anaweza kuwa na C+ iliyobebwa na Biashara na Kilimo, huku hesabu ikiwa E. NCAA hutazama somo kwa somo, na asiyefaulu hesabu hana pa kutoa ile miaka mitatu inayotakiwa.

Wastani wa 2.3 nao unadharauliwa. Kwa mizani ya Marekani A ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Mwenye C katika masomo yote 16 ana 2.0, hajafika. Akiwa na B nne na C 12 ana 2.25, bado. Inambidi awe na B tano na C 11 ndipo apate 2.31. Kila D moja itakayoingia humdai B nyingine juu ya hizo. Kugeuza gredi za KNEC, baraza letu la mitihani, kuwa za Marekani hufanywa na kituo cha NCAA cha kukagua ustahiki kwa jedwali lake, kwa hiyo ajenti anayemwambia mzazi "C yako ni sawa na B kule" asisadikiwe mpaka kituo chenyewe kitoe jibu.

Aliye kati ya 2.0 na 2.3 katika Divisheni ya Kwanza anaweza kupewa ufadhili na kufanya mazoezi muhula wa kwanza, ila hatashindana mwaka mzima. Makocha wa mbio wanaotafuta Mkenya wanamtaka akimbie nyika msimu wa kwanza, Septemba hadi Novemba. Wengi huachana naye wakisikia hivyo.

Linaloniuma zaidi ni suala la muda, kwa sababu hapa ndipo desturi zetu zinagongana moja kwa moja na kanuni zao. SAT inaweza kurudiwa mara kadhaa, na vyuo vingi hutazama alama bora. Masomo 16 hayana huruma hiyo. Yanatakiwa yakamilike ndani ya miaka minne tangu mwanafunzi aanze mwaka wa tisa wa shule, yaani Kidato cha Kwanza kwa mfumo wa 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo). Anayemaliza kwa wakati huruhusiwa kuongeza somo moja tu ndani ya mwaka unaofuata. Kwetu, kumrudisha mtoto Kidato cha Tatu "ajiimarishe", au kumhamisha shule ili arudie KCSE apate gredi nzuri, ni jambo la kawaida, tena hufanywa kwa nia njema. Kwa mwanariadha anayelenga Divisheni ya Kwanza, mwaka huo wa kurudia unaweza kumfanya apate cheti kizuri kisichohesabiwa.

Kisha kuna mwaka wa baada ya shule. KCSE hufanywa Novemba, matokeo hutoka kufikia Januari, na mwaka wa masomo Marekani huanza Agosti. Kanuni iliyodumu kwa miaka mingi katika riadha ya Divisheni ya Kwanza humpa kijana mwaka mmoja baada ya kumaliza sekondari ajiunge na chuo. Ukipita, kila mwaka anaoshiriki mashindano rasmi humkata msimu mmoja kati ya minne aliyo nayo. Sasa hesabu: anayemaliza Novemba akikosa Agosti inayofuata, nafasi ya pili ni Januari, miezi 14 baadaye, na muda umekwisha kumbana. Vijana wetu hukaa kambini miaka miwili au mitatu wakitafuta muda mzuri wa kumvutia kocha, na kila Jumamosi wako kwenye mashindano. Muda unapatikana, misimu imekwisha. Naye anayejiunga na chuo hapa nyumbani kwa masomo ya muda wote ili "asikae bure" ajue kwamba kwa kanuni hiyohiyo saa ya miaka mitano ya kushindana huanza kuhesabu siku anayoanza masomo hayo, hata kama chuo hakina timu. Kanuni hizi za muda zinajadiliwa upya huko Marekani, kwa hiyo kila familia isome zilizopo mwaka inapoomba, na isikariri za binamu aliyetangulia.

Tuje kwenye lile neno "SAT imefutwa". Aliyeondoa sharti ni NCAA. Chuo chenyewe hakikufungwa na uamuzi huo. Mwanamichezo hupita mikono mitatu tofauti: NCAA inayoamua kama anaruhusiwa kushindana, ofisi ya udahili inayoamua kama anaingia chuoni, na ubalozi unaoamua kama anapata viza ya mwanafunzi. Ruhusa ya mmoja haimfungi mwingine. MIT ilirudisha SAT mwaka 2022. Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zikafuata mwaka 2024, na vyuo vikuu vya umma vya Florida na baadhi ya vile vya Georgia pia vinadai mtihani wa aina hiyo. Juu ya hapo, vyuo vingi humtaka aliyetoka nje athibitishe Kiingereza chake kwa mtihani wa lugha kama TOEFL, IELTS au Duolingo. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa Iten mwaka 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit kupeleka wanafunzi bora wa Bonde la Ufa katika vyuo vikuu vya juu Marekani, uliweka maandalizi ya SAT katikati ya kazi yake, na hiyo ni njia ya kufuatwa.

SAT ya sasa hufanywa kwa kompyuta: maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14, 54 ya kusoma na kuandika na 44 ya hesabu. Kila sehemu imegawanywa mara mbili, na ugumu wa nusu ya pili hutegemea ulivyojibu ya kwanza, kwa hiyo anayeharakisha mwanzo ili "atunze muda" hujifungia alama za juu mapema. Simu haikubaliwi, inatakiwa kompyuta ya mkononi au tableti, yenye programu ya Bluebook iliyowekwa na kuandaliwa siku kadhaa kabla, na betri iliyojaa. Watoto wetu wengi huanguka hapa bila kuguswa na swali lolote gumu: hawajawahi kusoma kifungu kwenye skrini, wala kutumia kikokotoo cha grafu kilichomo ndani ya programu hiyo. Mwezi mmoja wa mazoezi kwenye maabara ya kompyuta ya shule, jioni baada ya mbio, hubadilisha mengi. Wakati mzuri ni Mei au Juni ya mwaka wa mwisho, ili ibaki Agosti au Oktoba ya kurudia kabla ya KCSE.

Nyaraka nazo huangusha wengi. Majina ya cheti cha KCSE, pasipoti na akaunti ya NCAA yafanane, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule. Tarehe ya kuzaliwa iwe moja kila mahali, na aliyepunguziwa umri ili akimbie mbio za vijana atanaswa hapahapa. Shule inayozuia cheti kwa sababu ya karo inavunja Sheria ya KNEC ya 2012, mzazi ana haki ya kukidai. Akaunti ya NCAA ifunguliwe kwa barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe. Ya ajenti haifai, kwani akigombana naye hutoweka na nywila, na barua za kituo zinaendelea kufika asikoziona mtoto. Pia ieleweke kwamba ajenti anaweza kulipwa ada ya kawaida ya huduma, lakini malipo yanayotegemea kupatikana kwa ufadhili, au asilimia yake, yanakatazwa na NCAA na yanaweza kumharibia kijana ustahiki. Mkataba wa namna hiyo usitiwe saini.

Nimeacha la mwisho lile ambalo bado tunaweza kulizuia. Mfumo wa 8-4-4 ulimlazimisha kila mtu kusoma Kiingereza, Kiswahili, hesabu, angalau sayansi mbili na somo moja la jamii, kwa hiyo idadi ya masomo 16 haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa gredi. Gredi ya 10 ya mfumo mpya unaochukua nafasi yake, iliyoanza Januari 2026, haina kinga hiyo. Mwanariadha anasukumwa kwenye mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, jambo linaloonekana la busara. Tuchukue kwamba amechagua Michezo, Muziki na Sanaa za Uchoraji. Kuanzia Gredi ya 9 hadi 12 atakuwa na miaka 4 ya Kiingereza, 4 ya hesabu, 4 ya Kiswahili, mmoja wa Sayansi Jumuishi na mmoja wa Masomo ya Jamii, hii miwili ya mwisho ikiwa ya Gredi ya 9 pekee. Jumla 14. Amepungukiwa mwaka wa sayansi na mwaka wa jamii, na hakuna muda mzuri wa mbio utakaoziba pengo hilo. Akichagua Michezo, Biolojia, na Jiografia au Historia, anafika 20.

Wakuu wa shule zenye wanariadha wautoe mchanganyiko huo wa pili na wawaelekeze watoto kwake, na wanaoweza wasome hesabu kamili (Core Mathematics) badala ya zile nyepesi (Essential Mathematics) pale shule inaporuhusu. Wizara ya Elimu na Riadha Kenya nao waiandikie NCAA mapema, wakiambatanisha mitaala ya Gredi ya 9 hadi 12, ili ijulikane ni masomo gani yatahesabiwa na kwa jedwali gani kabla kundi la kwanza halijamaliza mwaka 2028. Wanafunzi waliomo Gredi ya 10 bado wanaweza kubadilishiwa masomo. Wakifika Gredi ya 11 itakuwa shida, ya 12 haitawezekana.

Mwalimu wa hesabu na kocha msaidizi wa riadha,
Elgeyo Marakwet