Barua kwa Baraka: tazama kiti kabla ya karata

Moshi, Jumatano

Baraka ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mlima umejifunika mawingu wiki nzima na baridi ya asubuhi unaijua. Umeniandikia kwamba hapo Kijenge mmeanza kucheza poka, Texas Hold'em, mko watu tisa, na kila Jumamosi unaishiwa wa kwanza ingawa karata unazopata si mbaya. Naamini shida haiko kwenye karata. Iko kwenye kiti.

Arubastini umeicheza tangu utotoni, kwa hiyo jambo hili unalijua: anayetupa wa mwisho ameshaona za wenzake, anayeanza anatupa gizani. Poka ni hivyo hivyo, ila kila mtu ana karata mbili mkononi, tano za wote zinafunuliwa mezani, na madau yanazunguka mara nne katika mgao mmoja, na kila mzunguko giza lile linakugharimu upya.

Kinachoamua ni kibao cha dila (mgawaji), kinachohamia kiti cha kushoto kila mgao mpya. Wa kwanza kushoto kwa dila anaweka blaindi ndogo, anayefuata blaindi kubwa, yaani madau ya lazima kabla ya kuona karata. Kabla karata za mezani hazijafunuliwa, anaanza yule aliye kushoto kwa blaindi kubwa. Zikishafunuliwa tatu za kwanza, utaratibu unageuka: kuanzia hapo hadi karata ya tano anaanza blaindi ndogo, au kama ameshatupa karata zake na kujitoa, aliyebaki karibu zaidi kushoto kwa dila. Katika mizunguko hiyo dila anamaliza kila mara. Naye akitupa, aliye kulia kwake ndiye anakuwa wa mwisho, kwa hiyo usihesabu viti, hesabu watu waliobaki. Wengine wote wakiishiwa mkabaki wawili, dila ndiye anaweka blaindi ndogo: anaanza kabla ya karata za mezani, anamaliza baada yake.

Sasa shika jozi ya 10, yaani 10 mbili. Ukiwa wa kwanza kusema katika meza ya tisa, nyuma yako wako watu wanane, na takriban mara moja katika saba mmoja wao ana jozi kubwa kuliko yako. Ukiwa dila na wote wametupa, wamebaki wawili tu, na hatari hiyo inashuka hadi kama mara moja katika 26. Karata ni zile zile.

Ndiyo maana kiti cha mbele kinataka ubahili. Mimi ningekushauri hapo ucheze jozi kuanzia 7 kwenda juu, A na K, A na Q, halafu A na J au K na Q zikiwa za aina moja tu, kama zote kopa. Hiyo ni michanganyiko 88 kati ya 1,326 ya karata mbili, haifiki 7 kwa mia. Ukiwa dila na hakuna aliyeingia, pandisha kwa jozi yoyote, A na karata yoyote, na mbili zozote kati ya K, Q, J na 10. Hapo unayo 366, zaidi ya mara nne ya zile za mbele.

Tuseme blaindi ni maharage 1 na 2 (maharage badala ya pesa), wewe ni dila, una K na 10. Wote wametupa, unapandisha hadi 5, blaindi ndogo anatupa, blaindi kubwa anafuata. Poti, yaani madau yote yaliyowekwa, ina 11. Zinafunuliwa K, 8 na 3. Anacheki, yaani anapitisha zamu bila kuweka dau, unaweka 5, anafuata: 21. Karata ya nne ni 6, anacheki tena. Una jozi ya juu, lakini 10 yako ni dhaifu mbele ya mwenye K na Q. Hapo kiti kinakupa kitu ambacho hakinunuliki: unacheki, na karata ya tano inafunuliwa bure. Inakuja 2, anaweka 10. Unalipa 10 kupata 31, yaani ukishinda mara moja katika nne umeshapata faida.

Geuza viti. Wewe ndiye unaanza kwenye ile karata ya nne. Ukicheki, yeye anaweza kuweka 15 na hujui kama ana K au anakutisha. Ukiweka wewe, anaweza kupandisha mara mbili ya hapo. Ukubwa wa poti anaupanga yeye.

Kosa linalokula maharage mengi liko kwenye blaindi ndogo. Mtu ana J na 4, anasema, "Nimeshaweka nusu, namalizia tu." Lile harage limeshatoka mkononi, si lako tena. Unachonunua kwa la pili ni kuanza wewe mizunguko mitatu yote inayofuata. Tupa bila huruma. Na usitupe kabla ya zamu yako. Unawapa walio mbele yako habari ya bure.

Jumamosi fanyeni zoezi hili. Karata zikigawiwa, usiziinue. Hesabu kwanza watu ambao bado watasema baada yako, itaje namba hiyo kimoyomoyo, ndipo utazame. Na endeleeni kwa maharage. Pesa zikiingia mapema, watu wanacheza kwa hasira ya kurudishiwa chao na viti wanavisahau.

Nisalimie mama na watoto. Ukiniandikia tena, kila mgao uliopoteza niambie ulikaa wapi kabla hujaniambia ulishika nini.

Wako,
Eliya