Gumba la pili la mtoto

Shosti wangu,

Za tangu siku zile? Nisamehe kwa ukimya, kazi zimenibana, ila ile picha ya mkono wa mtoto uliyonitumia juzi imeninyima usingizi. Siyo yale magumba mawili, hapana, ni yale maneno uliyoandika chini yake, eti labda kuna kitu ulikula, au labda ni ile ndoo uliyobeba mimba ikiwa changa. Shosti, usijilaumu kabisa.

Sikia. Kuna jeni inaitwa Sonic hedgehog, ndo inayosaidia kupanga vidole mkono ukiwa bado kama kichipukizi, gumba likae huku, kidole cha mwisho kikae kule. Jeni hiyo haijiwashi yenyewe, ina swichi, wanaiita ZRS, kipande cha DNA, yale maandishi ya urithi ndani ya mwili, cha herufi kama 800 tu, na mi kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba swichi ipo mbali na jeni yake, karibu herufi milioni 1, tena imejificha katikati ya jeni nyingine kabisa! Kawaida inawasha upande wa kidole cha mwisho tu, sasa ikibadilika herufi moja inaweza kuwasha na upande wa gumba, basi mkono unaota gumba la pili. Herufi moja shosti. Wapo hata paka wa vidole vingi wenye hitilafu hapohapo, sasa paka nao walibeba ndoo?

Na swichi hiyo siyo ya watu na paka tu, panya anayo, kuku anayo, samaki wanayo, imetunzwa miaka mamilioni kwa mamilioni. Nyoka ndo yao imeharibika. Mwaka 2016 watafiti walitoa swichi ya panya wakaweka ya nyoka, panya wakazaliwa na vigutu, miguu haikuota. Wakaweka ya binadamu, miguu ikaota vizuri kabisa. Halafu wakaona ya nyoka imepungukiwa herufi 17, wakazirudisha zile 17, miguu ikarudi. Niliposoma hapo nilikuwazia wewe na mwanao, nikalia kidogo.

Sisemi ya mtoto ni ZRS kwa uhakika, vidole vya ziada vina vyanzo vingi, hiyo mpaka apimwe. Ila ndoo haiendi kubadilisha herufi ndani ya DNA ya mtoto, hilo liondoe kichwani leo hii.

Sasa niambie, lile gumba la pili lina mfupa, analikunja? Kwa baba yake hakuna mwenye gumba la ziada, au aliyekatwa utotoni watu wakanyamaza? Uliza wazee, maana hitilafu ya swichi hiyo akiwa nayo mzazi mmoja tu inatosha mtoto kuweza kurithi. Daktari kasemaje kuhusu upasuaji, na kupima jeni kagusia? Na wewe unalala kweli? Niende na wewe kliniki siku ya miadi?